Besi Iliyotiwa Mafuta

Besi niliyoipenda kuliko nyingine zote ilikuwa yangu, na ilikuwa kifungoni. Kanisa letu la Kisumu Ndogo lina kizimba cha vyuma pembeni mwa madhabahu, kimechomelewa ili vyombo visiibwe, na humo ndimo ilimokaa, imeegemea kinanda. Jumapili shemasi alifungua kufuli, nikaipiga, ibada ikaisha, akairudisha ndani. Katikati ya wiki, nikipita njia ile, niliweza kuiona kupitia ufa wa mabati ya ukutani: kipande cha shingo tu, na vifungio viwili vya nyuzi. Nilikuwa nasimama pale kidogo, najifanya nasoma simu.

Ili mtu aelewe kwa nini sikuichukua tu nikaenda zangu, inabidi nieleze kwanza ilikuwa besi gani, kisha nieleze nilivyoipoteza.

Mimi ni mgonjwa wa magitaa ya besi. Chumba changu cha Mashimoni ni cha mabati, kitanda upande huu na jiko upande ule, na ukuta wa kitandani wakati huo ulikuwa na besi mbili zinazoning'inia kwenye misumari niliyoivika vipande vya kandambili, na msumari wa tatu mtupu. Majirani waliuliza mtu mmoja anahitaji besi ngapi. Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba hakuna besi mbili zinazofanana, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja, kwa sababu mbao zake hazikukua kwenye mti mmoja.

Kila mgonjwa wa ugonjwa huu ana utaratibu wake wa kuchagua. Wangu ni huu. Rangi siiangalii. Naishika besi kabla haijaunganishwa na spika, nafumba jicho moja na kutazama shingo kutoka chini kwenda juu, kama seremala anavyotazama ubao, nione kama imepinda. Naivaa begani na kuiachilia. Kichwa chake kikiporomoka kuelekea sakafuni, naivua, kwa sababu sitaki kuibeba mkononi miaka yote. Kisha naegemeza taya kwenye pembe ya gitaa na kupiga uzi mnene. Sauti ikinifika kwenye meno, mbao ni nzuri. Mwisho naenda kwenye uzi mwembamba, kuanzia kituo cha tano hadi cha saba, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Karibu kila besi ina noti mfu mahali hapo. Unaipiga, inatoka, inakufa kabla hujaifikia inayofuata. Wauzaji wengi hawalijui hilo, na wanaolijua hawasemi.

Besi yangu haikuwa na noti mfu. Niliipata kwa fundi wa redio huko Kawangware, imeachwa na bendi ya hoteli iliyovunjika, rangi imebanduka mpaka mbao, na nyuma yake mtu asiyejulikana alikuwa amechonga moyo kwa kisu. Niliipiga noti ile ya kituo cha saba ikaendelea kuimba mpaka fundi akainua macho kutoka kwenye nyaya zake. Nilikuwa nimejaribu besi nyingi sana, za marafiki, za madukani, za makanisa. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho.

Niliipoteza hivi. Besi ya kanisa ilipinda shingo kwa kuegemezwa kwenye mabati yanayopigwa na jua la mchana. Ilikuwa Jumapili ya shukrani, wageni wamealikwa, kwa hiyo nikaja na yangu. Kabla ya nyimbo Mchungaji aliiona, akafurahi, akaja na chupa ya mafuta ya zeituni. Kwetu chombo chochote kikipigwa mara ya kwanza mbele ya madhabahu huombewa na kutiwa mafuta. Hilo nililijua na sikuwa na shida nalo. Shida ilikuwa mkono wa Mchungaji. Wengine hupaka kwa kidole, yeye humimina. Niliona chupa inainama juu ya pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi ambazo ndizo masikio ya gitaa la umeme. Mafuta yakiingia humo, na nyuzi zikiyanywa, sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Sikufikiri. Niliivua besi begani na kuiinua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, mafuta yasiifikie.

Kwetu, kuinua kitu kwa mikono miwili mbele ya madhabahu ni kukitoa. Watu wameinua kuku hivyo, wameinua debe la mahindi, mama mmoja aliwahi kuinua kiti cha plastiki. Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Mchungaji, ambaye ni mrefu, alinyoosha mkono na kuimiminia mafuta hukohuko juu, ila upande wa nyuma, pikapu zikapona.

“Ndugu yetu ametoa!” alipaza sauti. “Ametoa chombo chake cha thamani! Semeni amina!”

Wakasema. Safu ya mbele kulikuwa na mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, karibu na kanisa, mtu wa maneno makali siku zote, na hata yeye nilimwona anafuta machozi kwa kona ya leso. Niliposhusha mikono, besi haikuwa yangu tena.

Kila niliyemsimulia kisa hiki ameniuliza kwa nini sikusema palepale kwamba wamenielewa vibaya. Hao hawajawahi kusimama mbele ya kanisa zima linalowashangilia, mafuta yakiwatiririkia kwenye kwapa. Na kwetu kilichotolewa hakitoki. Hata maikrofoni zilizokufa zimo kizimbani mpaka leo. Nilingoja siku ya katikati ya wiki, nikamwendea Mchungaji, nikazungukazunguka, halafu nikaomba kuiazima Jumamosi.

“Ya kazi gani?”

“Mazoezi, Pasta.”

“Mazoezi si ufanyie hapa? Mlango uko wazi.” Alitabasamu kwa upendo kabisa. “Chombo cha Bwana hakizururi, ndugu yangu.”

Hayakuwa mazoezi, na sidhani alidanganyika. Hatua chache kutoka kanisani kuna baa ambako bendi ya benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, hupiga Jumamosi mchana. Mpiga besi wao alikuwa amerudi nyumbani, upande wa ziwa, bila nia ya kurejea. Wakanipigia simu mimi. Katika benga besi haijifichi nyuma kama mpishi. Inakimbia, inajibizana na gitaa la solo, na uzi ule mwembamba ndio unaoongea zaidi. Nilikuwa nimeisubiri simu ile tangu ujana, na sasa nina ndevu zenye mvi. Nilikwenda na zile besi mbili za ukutani, moja wiki hii, nyingine wiki iliyofuata. Kiongozi wa bendi, anayepiga solo, alinyamazisha gitaa lake katikati ya wimbo.

“Buda, hiyo noti imeenda wapi?”

“Imekufa.”

“Sasa tunapiga benga ama tunazika?”

Wenzake walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Lakini hakuwa anatania. Aliniambia nije na kitu kinachoimba kabla mwezi haujaisha, la sivyo kuna kijana wa Kawangware anaulizia nafasi.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyoishi kwa muda. Nikiacha kanisa, siigusi tena. Nikibaki, naigusa Jumapili, kwa nyimbo za taratibu za noti tatu, kisha naitazama ikirudishwa nyuma ya vyuma. Nilihudhuria ibada kama mtu anayekwenda kumwona jamaa yake jela. Nilifika mapema. Niliondoka wa mwisho. Watu walisema nimekua kiroho.

Aliyenionyesha njia ni mzee mmoja wa Kawangware, kwenye kitongoji cha huko kiitwacho Kongo, mwenye ploti za urithi na nyumba za kupangisha. Juu kabisa ya nyumba zake ana chumba chenye besi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila moja imelala kwenye sanduku lake, na balbu moja inawaka mchana kutwa ili unyevu usiingie. Hapigi hata moja. Hapendi zipigwe, jasho, anasema, linakula chuma. Ukiingia kwake unavua saa na mkanda, vyuma vyake visije vikakwaruza rangi.

Mimi na yeye tumebishana miaka. Kwake jambo la kwanza ni skrubu. Anazimulika kwa tochi moja moja, atafute alama ya bisibisi. Kama zimewahi kufunguliwa, besi hiyo kwake ni maiti. Halafu rangi ya kiwandani, vifungio vya awali, hata kamba ya kuvalia.

“Wewe unakusanya sauti,” aliniambia siku ile, kama alivyoniambia mara nyingi. “Sauti haionekani. Mgeni akija utamwonyesha nini?”

“Nitampigia.”

“Na akiwa kiziwi?”

Nilimweleza masaibu yangu. Alisikiliza huku anafuta sanduku kwa kitambaa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: kama ile besi yangu fupi, ya pale ukutani, bado sijaifungua skrubu. Nikamwambia bado. Akaacha kufuta. Besi ile aliitaka tangu siku ya kwanza alipoiona.

Alivuta sanduku kutoka chini ya meza. Ndani kulikuwa na besi nyekundu ya nyuzi tano, uzi mmoja zaidi ya yangu, vifungio vya rangi ya dhahabu, inang'aa kama gari la harusi. “Hii niliinunua kwa giza. Nilidhani ni ya zamani, kumbe imepakwa upya. Nipe ile fupi, chukua hii, wapelekee.”

“Kilichotolewa hakitoki, Mzee.”

“Hukusoma Walawi? Mtu anakomboa. Anaongeza sehemu ya tano juu.” Aligonga uzi wa tano kwa ukucha. “Hiyo hapo.”

Nilirudi Mashimoni na kuiteremsha besi fupi. Ilikuwa ya kwanza niliyowahi kuinunua, na kwa sauti ilikuwa ya kawaida tu, lakini nilikuwa nimelala chini yake muda mrefu. Nikampelekea.

Mchungaji alifungua sanduku la ile nyekundu mezani kwake. Nilimweleza habari ya Walawi kama nilivyoelezwa. Alihesabu nyuzi. Akanitazama, akazihesabu tena, kisha akacheka kwa sauti kubwa. “Nani amekufundisha maneno haya? Haya. Kukomboa kumeandikwa. Jumapili.”

Jumapili shemasi alifungua kufuli, nikaivaa besi yangu ya zamani mgongoni, ndani ya mfuko wake, kwa sababu sikutaka irudi kizimbani hata kwa dakika moja. Niliinua ile nyekundu juu kwa mikono miwili, safari hii nikijua ninachofanya, mafuta yakaja, vigelegele vikaja. Shemasi akaipokea. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kukaa.

“Bado,” Mchungaji alisema kwenye maikrofoni. “Chombo bila mpigaji ni mbao. Leo tunamtolea Bwana na mikono inayopiga. Isiende kupiga pengine popote.”

Aliushika mkono wangu wa kushoto kabla sijajibu. Akamimina. Nilihisi mafuta yanaingia chini ya kucha. Kanisa lote lilikuwa limesimama na mama wa omena alikuwa amefumba macho, anaomba kwa Kijaluo.

“Na huo mwingine.”

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika mkanda wa mfuko begani. Niliuangalia. Haukuachilia.

“Huu umeshika mzigo, Pasta.”

Watu walicheka. Mchungaji naye alicheka, akautazama mkono ule kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha kwaya ya wageni wa siku hiyo, iliyokuwa imechoka kusubiri, ikaanza kuimba. Nikarudi kukaa, mkono mmoja unanuka zeituni.

Jumamosi nilifika baa mapema. Mlango wake mpana unafunguka moja kwa moja njiani, na ng'ambo ya njia ndipo mama wa omena anapoweka karai lake. Nilijua yupo. Nilitumaini atakuwa na wateja.

“Jathum!” aliniita, ndivyo wanavyomwita mwanamuziki kwao. “Niaje?”

“Poa, mama.”

“Leo unapiga na mkono gani?”

“Wa kulia.”

“Haya,” alisema, akaketi vizuri kwenye kistuli chake, akinielekea. “Wacha tuone.”

Besi hupigwa kwa mikono miwili: wa kulia unachomoa sauti, wa kushoto kwenye shingo unachagua ni sauti gani. Bendi ilianza. Nilipiga kwa mkono wa kulia peke yake, nyuzi zikiwa wazi, noti nne tu zilizopo bila kubonyeza popote, na mkono wa kushoto nikauning'iniza kando ya paja kama wa mtu aliyevunjika. Ng'ambo ya njia macho mawili hayakutoka kwangu. Kiongozi wa bendi alinisogelea huku anapiga.

“Buda, huo mkono umelala?”

“Ngoja.”

“Tungoje nini? Watu wanataka kucheza!”

Kijana wa Kawangware alikuwa amekaa karibu na kaunta, besi yake magotini. Jasho lilinitoka. Niliinua mkono wa kushoto mpaka usawa wa shingo ya gitaa, nikashindwa, nikaushusha. Nikamtazama mama yule waziwazi, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Alikaa hivyo mpaka ubeti ukaisha. Kisha akainuka, akakishika kistuli chake, akakigeuza kikaelekea upande wa kanisa, akaketi akiupa mlango wa baa mgongo, na kuanza kuita wateja kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, ingawa njia ilikuwa tupu.