Chapa ya Ngamia kwenye Gari la Silinda Nane

Baba yangu hakuwa mgonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani zetu wa Garissa walikuwa wakija na maziwa na dua, wakidhani yuko taabani. Alikuwa mzima kabisa, anakula, analalamika kwamba chai haina sukari. Alichokataa ni kutoka nje ya lango.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulimaliza ngamia wake kule Tarbaj, wote, hadi ndama. Alikuja kwetu mjini na shuka mbili, kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, na chuma chake cha kupigia mifugo chapa, ambacho alikitia chini kabisa ya sanduku la mama. Sisi Wasomali tukikutana njiani, salamu haziishii kwa watu. Utaulizwa nyumbani, utaulizwa mvua, kisha utaulizwa: na mifugo, hawajambo? Ni swali dogo, mtu hulijibu huku anatafuta pa kukaa. Baba hakuwa na jibu lake. Soko la mifugo halikuwa mbali na kwetu, na marafiki zake wote walikuwa huko, lakini angeulizwa swali hilo na kila mtu kabla hajafika kwenye kibanda cha chai. Basi akabaki mkekani. Mama alikuwa akiniambia jikoni kwamba mzee atasahau kutembea. Mimi niliogopa zaidi ya hapo, niliogopa kwamba atakufa pale pale akiwa mzima.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa malori. Mimi nilishona maturubai ya malori hayo hayo nyumbani, kwa cherehani ya miguu, na kwa mdomo mkali ambao wateja walisema ndio uliofanya nishindwe kuolewa mapema. Siku moja kaka akarudi akivutwa na lori, yeye ameketi ndani ya kitu kilichofunikwa na vumbi na mavi ya kuku, anatupungia mkono kama mbunge.

Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, boneti ndefu kuliko jikoni yetu, injini ya silinda nane, usukani upande wa kushoto. Tajiri mmoja alilinunua Nairobi enzi za ujana wake ili watu wamwone, akafika nalo Garissa, mchanga ukalimaliza, na tangu hapo kuku wa mkewe wakataga ndani yake. Alimpa kaka bure, sharti aliondoe.

"Ng'ombe wa maskini hazai," nikamwambia kaka. "Na hili la kwako hata kuzaliwa upya halitaweza."

"Wewe shona viti," akajibu. "Injini niachie mimi."

Nilikasirika, na nikikasirika huwa nafanya kazi. Siku ile ile nikang'oa viti, nikakuta mayai mawili yaliyooza na kiatu cha mtoto.

Ninaposikia vijana wa leo wakizungumza juu ya kufufua magari ya kale, wakitaja vipuri vya kuagiza kutoka ng'ambo, nacheka peke yangu. Sisi tuliagiza kutoka jalalani. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ana kwa kutu, kwa hiyo kaka akafungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili chakavu, akaacha inywe hadi Ijumaa iliyofuata, kisha akaizungusha injini kwa nondo ndefu huku akimtaja Mungu. Ikakubali. Kabureta ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka. Rejeta ilikuwa ya lori, kubwa mno, ikabidi tukate chuma cha mbele ili ikae. Tangi la mafuta lilikuwa limeoza, tukalitupa, na mahali pake tukaweka mtungi wa plastiki karibu na injini, wenye mpira unaoshuka hadi kwenye kabureta. Sehemu za bodi zilizoliwa na kutu tuliziziba kwa madebe ya mafuta ya kupikia ya msaada, tukiyapasua, tukiyanyoosha kwa nyundo, tukiyapiga ribiti. Ukichungulia ndani ya madigadi ya nyuma uliweza kusoma maneno kwamba mafuta yale si ya kuuzwa. Viti nilivishona kwa turubai, uzi mara mbili, na hadi leo nasema hakuna kiwanda kinachoshona vile.

Chuma kinene alituchomelea jirani yetu, Mkamba kutoka Mwingi, mtu mpole aliyekuwa na mashine yake ya umeme na subira ya ajabu. Yeye ndiye aliyemsemesha baba kwanza, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuuliza habari za mifugo.

"Mzee, unaonaje kazi ya vijana wako?"

Baba alikunja uso pale mkekani. "Wewe fundi, hii gari nafufuka, ama munacheza tu?"

"Itafufuka, mzee. Pole pole."

"Bole bole," baba akasema, kwa Kiswahili chake kisichojua p wala v. "Ngamia yangu bia alilala hifyo hifyo. Hakuamka."

Jirani akashusha miwani yake akaendelea kuchomelea. Mimi niliingia ndani nikakanyaga cherehani bila kitambaa kwa muda mrefu.

Kisha injini ikawaka. Haikuwaka vizuri. Ilipiga kelele kama ukuta unaanguka, kuku wakapaa juu ya paa, mama akatoka na mwiko, moshi ukajaa uani. Baba alikuwa amesimama. Sijui alisimama lini.

"Anakohoa," alituambia kwa Kisomali. "Mpeni maji."

Kaka akamweleza kwamba shida ni mafuta yanayoingia mengi kupita kiasi. Baba akasema basi anywe kidogo kidogo, mnyama aliyetoka kwenye kiu hanyweshwi kwa pupa. Kaka akapunguza mafuta, kwa sababu ndicho alichotaka kufanya tangu mwanzo, na injini ikatulia. Lakini baba alirudi mkekani na uso wa mtu aliyeshauri na kusikilizwa. Kesho yake mkeka ulikuwa umesogea karibu na gari. Kesho kutwa ukasogea tena. Mama alinifinya mkono kila uliposogea, na mimi nikamwambia asiseme neno, asije akamshtua.

Ikabaki rangi. Rangi tuliyoipata ilikuwa ya kijani, mabaki ya kupaka milango ya duksi, chuo chetu cha Kurani, na bomba la kupulizia hatukuwa nalo. Kaka akaazima bomba la mkono la kupulizia mifugo dawa ya kupe, lile la kubeba mgongoni. Tuliliosha mara moja tu, wenye haraka sisi. Rangi ilitoka vizuri kuliko tulivyostahili, ila gari lilinuka dawa ya kupe kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na kwa muda mrefu hakuna nzi aliyethubutu kutua juu yake. Nililiangalia likikauka chini ya jua, refu, la kijani, linang'aa, na nikajisikia fahari ambayo sijaisikia hata siku ya harusi yangu. Mume wangu analijua hilo.

Asubuhi ya kulitoa kwa mara ya kwanza, kaka aliuchomoa mtungi akaenda nao kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa jikoni na mama, tunabishana juu ya sukari ya chai ya baba. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua.

Nilitoka mbio. Baba alikuwa amepiga goti kando ya gari, jiko la makaa liko pembeni yake, chuma chake mkononi, na juu ya madigadi ya nyuma, upande wa kushoto, pale pale ambapo ngamia wetu hupigwa chapa pajani, rangi ilikuwa imechemka na kuwa nyeusi. Mistari miwili na nusu duara. Alama yetu.

"Aabo!" nikapiga ukelele. "Umefanya nini? Rangi yote hii! Umetuharibia!"

Sikuwa nimewahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile. Mama alisimama mlangoni, kiganja mdomoni. Baba hakukasirika. Aliinua uso akanijibu kwa neno lile lile, maana kwetu baba humwita mwanawe "aabo" kama anavyoitwa yeye.

"Aabo," akasema, "huyu anatoka nje leo. Mnyama hatolewi kwenye zizi bila alama. Akipotea, atarudishwa kwa nani?"

Nikatazama jiko, nikatazama chuma. Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu, hakina kutu. Alikuwa amefungua sanduku mwenyewe, amepangua nguo zote za mama hadi chini, wakati sisi tunabishana juu ya sukari. Hasira yangu ikanitoka yote.

"Upande wa kulia je?" nikamuuliza.

"Ngamia hupigwa upande mmoja," akasema, kana kwamba nilisomea ujinga.

Kaka alirudi, akaiona chapa, akafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu. Akaufunga mdomo, akaurudisha mtungi mahali pake. Baba akaenda kunawa, akavaa shuka safi na kofia, akafungua mlango wa kulia akaketi bila kualikwa.

"Wapi, aabo?" kaka akauliza.

"Sokoni."

Tulikwenda mwendo wa mtu anayebeba maziwa, breki zetu zikiwa za kuombewa. Mimi nilikaa nyuma, juu ya mishono yangu. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, baba alikuwa ameketi kulia, pale ambapo madereva wote wa nchi hii hukaa, na watu barabarani wakadhani ni yeye anayeendesha. Wakampigia mbinja, wakampungia. Hakuwasahihisha. Alipokea salamu zote kwa kidole kimoja.

Soko la mifugo liligeuka. Mbuzi walitawanyika, wanaume wakainuka kutoka kwenye chai zao. Mzee mmoja aliyechunga na baba tangu utotoni alikuja akizunguka gari, akafika nyuma, akasimama. Akaipitishia mkono ile chapa, polepole, mistari miwili na nusu duara. Kisha akaja dirishani, wakashikana mikono, na salamu zikaanza kama zinavyoanza. Nyumbani? Salama. Watoto? Salama. Mvua? Mungu atajalia.

Nilijua linalofuata. Nililishika turubai la kiti kwa mikono miwili.

"Na mifugo, hawajambo?"

Baba alitoa mkono nje ya dirisha, akalipiga bati la mlango makofi mawili, kama anavyompiga ngamia shingoni.

"Hawajambo," akasema. "Anakunywa sana tu."

Kicheko kilipanda pale sokoni hadi ngamia wakageuza shingo. Yule mzee alicheka akilia, au alilia akicheka. Mimi nililia waziwazi, na kaka akawaambia watu kwamba moshi umeniingia machoni.

Baba alishuka, akanywa chai nao hadi adhuhuri. Tulipotaka kurudi, injini ikagoma. Hakuna aliyeshangaa. Wanaume wale wote wakakunja mikono ya kanzu, wakajipanga nyuma, wakaanza kusukuma, na mzee wa utotoni alikuwa upande wa kushoto, kiganja chake kiko juu ya alama yetu. Baba alitoa kichwa dirishani akawapigia kelele wasukume kwa adabu, mnyama ana mwenyewe.