Kibisi wa Nyuma ya Kamba za Nguo

Wifi yangu hufua mashuka ya bweni la shule. Jioni anarudi vidole vimekunjamana kwa maji, na kazi ya pili inamsubiri: kumgeuza kaka yangu kitandani. Tangu apooze upande mmoja, kaka huchanganya vitu. Kijiko atakiita ufunguo. Mdogo wetu wa mwisho akamwambia wifi, "Shemeji, usijichoshe kuzungumza naye. Kichwa kimekwenda."

Wifi naye alikuwa tayari ameanza kumlisha kimya kimya.

Jioni moja, ili tu chumba kisinyamaze mno, akamsimulia habari za bwawa lililo nyuma ya kamba za kuanikia kule shuleni. "Kuna kabata kadogo pale. Ukikatazama tu kanazama, kanaibukia kule."

"Si bata," kaka akasema kwa ulimi mzito. "Kibisi. Ndege mzamiaji."

Mdogo wetu akacheka. "Leo bata kawa kibisi. Kesho mimi nitakuwa sufuria."

Kaka, aliyelinda mabwawa ya maji ya mji tangu ujana, akafumba macho. "Hana mkia. Kiota kinaelea. Akitoka... mayai anayafunika. Majani mabichi."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu augue. Lakini ni kweli, au ni ule ufunguo tena? Wifi alilala na swali hilo.

Kesho yake, alipomaliza kuanika, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ikimuwaka moto. Ndege akazama, akaibuka. Nyuma alikuwa butu kabisa. Kwenye matete kulikuwa na lundo la majani yaliyooza, ambalo siku zote wifi alilidhani takataka, likipanda na kushuka na maji. Ndege akapanda juu yake, penye mayai. Mlinzi alipopita na toroli, ndege akayavutia majani mabichi haraka haraka, akateleza majini.

Wifi akamshukuru Mungu palepale juu ya ndoo. Kisha akasinzia, maana mwili nao una haki yake.

Jioni akamwinamia mumewe. "Anayafunika."

"Nilikwambia," kaka akasema.

Mdogo wetu akachungulia mlangoni. "Shemeji, mgonjwa amekula?"

"Muulize mwenyewe," wifi akasema, akivua viatu. "Yumo."