Begi la Kubebea Nyama ya Nyati

Leo nimemcheka mzee wa watu, nafsi inanisuta.

Nauza mabegi ya mtumba hapa Temeke. Kaja mzee, nikampa shikamoo yake. Anataka begi la mgongoni la kubebea nyama ya nyati, kazi ya upagazi kwa wawindaji.

Mazuri yote kakataa! Kachagua lile baya lenye mkanda wa kiunoni, ambalo mie huwa nalikalia.

Akaazima kilo ishirini za mchele duka la jirani, akatia ndani, akachuchumaa, akainuka, akazunguka soko zima. Sie wauzaji tunacheka, mie narekodi kwa simu.

Karudi, kavua shati ajifute jasho. Mabega yote makovu ya mikanda.

"Mie nilishaacha," akasema. "Hili la mwanangu, uzito ukae kiunoni, si mabegani. Anaanza Jumatatu."

Video nimeifuta. Kicheko changu nakifutaje, jamani?