Mke wa Bawabu

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Nukta kwa sababu alikuwa akikata alama kwa kila nukta iliyosahaulika. Alistaafu akiwa na riwaya tatu za mapenzi, zilizouzika kiasi cha kumtia kiburi. Ndipo kampuni moja ya michezo ya kompyuta ikamtaka aandike kitabu kitokanacho na mchezo wake, Lango la Saba, ambao watu walikuwa wameucheza miaka tisa. Yeye hakuwahi kuucheza. Alikubali kwa sababu moja tu: binti yake, fundi cherehani aliyerudi nyumbani baada ya mama yake kufariki, aliucheza kila atokapo kazini, na baba na mwana walikuwa hawajazungumza la maana tangu mazishi.

Kampuni ilimpa karatasi za kanuni. Kuhusu Bawabu, mlinzi mwenye kofia ya chuma anayewafungulia wachezaji lango, ziliandikwa: "Asitajwe mke wala mume." Nukta alicheka. Mtu mzima alinde mlango miaka tisa, hana mke, hana mume, hadithi itatoka wapi? Akatia pamba masikioni, akaandika sura ya nane. Bawabu alioa, akapendwa, akafiwa. Mkewe alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, akisahau miwani kwenye kopo la unga, na alikata roho mumewe akiwa ametoka mara moja kununua mshumaa. Mtoto mdogo angejua ni nani aliyekuwa akiandikwa pale. Mwandishi mwenyewe alijifanya hamnazo.

Binti aliikuta sura ile mezani. Aliiinua mkoba ukiwa bado begani.

"Baba, Bawabu ameoa?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Nani kakwambia Bawabu ni mwanamume?"

"Kumbe ni mwanamke?"

"Wala hakuna anayejua! Miaka tisa mchezo unasema alifungua, alikaa, alisubiri. Basi. Wewe umekuja na 'alioa', umemaliza kila kitu. Hata ungesema 'aliolewa' ungeharibu vilevile."

Miaka thelathini Nukta alikuwa amefundisha kwamba mume huoa na mke huolewa, na hakuwahi kuliogopa neno hilo.

"Sasa hilo ndilo la kununiana? Nitaandika 'alifiwa na mwenzi wake'. Mwenzi ni yeyote. Wachezaji wako wataridhika."

"Si wachezaji, baba. Ni mimi. Kila nikifika langoni Bawabu ananiambia, 'Umechelewa, mwanangu, ingia.' Mama alikuwa ananiambia hivyohivyo. Kwangu mimi Bawabu ni mama. Sasa ukisema yeye ndiye aliyefiwa, aliyekufa ni nani?"

Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Nukta aliona wivu, kisha akauonea aibu wivu wenyewe. Yeye alikuwa amejivika kofia ile ya chuma apate kumlilia mkewe, kumbe mwanawe alikwisha kumweka mama yake humo humo.

Asubuhi aliifuta sura ya nane kwenye kompyuta, akazichana zile karatasi, akatuma kitabu. Mchana mtunza kanuni wa kampuni alimpigia simu kumsifu: kitabu kimeuheshimu mchezo mwanzo mpaka mwisho, hakuna kilichopindishwa. Nukta alishukuru kwa sauti ya mtu anayepongezwa kwa kung'olewa jino.

Jioni binti alirudi, akavuta kiti.

"Baba, nipe ile sura niisome. Jana niliishia sentensi ya kwanza. Kutwa nzima nimekuwa nikiifikiria. Ni mama yule, sivyo?"

"Nimeifuta."

"Yote?"

"Na karatasi nimezichana. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Nilitaka asiwekwe kwenye kitabu cha watu. Sikusema nisimsome mimi. Basi niandikie tena, baba. Mama, kwa jina lake. Nasubiri."

Nukta alichukua kalamu. Binti alipika chai, akaileta, ikapoa mbele yao wote wawili. Marehemu alipokuwa mke wa Bawabu, Nukta alikuwa na la kusema juu yake kurasa kumi na moja. Sasa kwa kuwa ni mke wake mwenyewe, hakupata hata neno la kuanzia, na mwanawe alikuwa ameketi pale anamtazama mkono.