Pigo la Pili Kisimani Chundwa

Kazi yangu ni pampu. Nilizaliwa Langoni, mjini Lamu, katika nyumba ya wanawake waliojua kushona kofia na kusomesha Qurani, nami nikaenda kusomea umeme. Mwaka ule niliitwa Chundwa, kisiwani Pate. Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa ikiungua kila mara, na maji hayatoshi. Watu wa upande mmoja walishikilia kwamba mlinzi wa pampu anawapendelea wa upande wa pili.

Nilipofika asubuhi, ugomvi ulikuwa umeshaanza. Wanawake walikuwa wakipigana kwa madumu matupu. Mmoja alikuwa amepasuka kipaji, damu inamwingia machoni, na bado kamng'ang'ania mwenzake ushungi. Mlinzi, mwanamume mwembamba wa makamo, alinikimbilia.

"Bi Fundi, wallahi sijampa mtu hata ndoo. Maji yanakatika yenyewe!"

Nikabana mita yangu kwenye waya wa pampu, nikamwambia awashe jenereta. Mita hiyo huonyesha umeme unaovutwa: pampu ikibeba maji huvuta mwingi, ikikosa maji huvuta kidogo. Kwa robo saa namba ilitulia. Kisha ikayumba, ikashuka karibu nusu, na bomba likaanza kutema mapovu. Nikaelewa. Pampu ilikuwa ikinyonya upesi kuliko kisima kinavyojaa, halafu inazunguka pakavu na kujiunguza. Hakuna aliyekuwa akipendelewa.

Nilipoinua kichwa niseme, wanaume watatu walikuwa wamemwangusha mlinzi, wanampiga mateke ya mbavu. Wa nne, mkwezi wa minazi, alikuwa anakuja na panga kuukata waya.

"Una umeme huo!" nikapiga kelele. "Utakufa!"

"Nipisha ndia!" akafoka, akitaka nimwachie njia.

Alikuwa peku, kasimama kwenye tope, na swichi ya jenereta iko nyuma yake. Nikampiga kwenye kifundo cha mkono kwa spana ya mabomba. Panga likaanguka. Nikampiga tena palepale, na safari hii niliusikia mfupa ukivunjika.

Pigo la kwanza lilimwokoa. La pili nilimpiga kwa kuwa nilikuwa na hasira, na kwa kuwa niliweza.

Yowe lake liliwanyamazisha wote. Nikazima jenereta, tukangoja kisima kijae. Kisha nikawasha upya, nikaikaza valvu ya kupunguza maji kidogo kidogo huku nikiitazama mita, mpaka namba ikasimama na haikushuka tena. Maji yalitoka membamba, lakini hayakukatika. Mlinzi alikuwa ameketi chini, kashika mbavu, anatema damu. Siku ile hakuna aliyemwomba radhi.

Mkwezi alipelekwa hospitali kwa boti. Mkono uliunga kombo, na minazi hakupanda tena. Baada ya miezi kadhaa nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Pigo la kwanza nimekusamehe," akasema. "La pili lilikuwa la nini?"

"Hasira, Bwana."

Akajaribu kukunja vidole, vikakunjika nusu.

"Hilo niwachia kwanza."

Mkewe akasimama, akanifungulia mlango nitoke. Tangu hapo nimerudi Chundwa mara nyingi kuipima pampu ile, na kila nikifika humpelekea mkwezi salamu. Yeye huzirudisha. Kuniita ndani, bado.