Baiskeli ya Watu Wawili, Kamembe hadi Nyakarenzo

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya mgongo na kwa sababu ya shemeji. Baiskeli yangu ni ya chuma, ya safari ndefu, niliyoinunua kwa mgeni mmoja mrefu mno. Mimi mfupi, basi niliiendesha nimeinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Shemeji ni Maman Odeta, dada ya marehemu mke wangu, mkulima wa Nyakarenzo. Tangu mazishi, miaka miwili, sikuwa nimekanyaga kwake. Na nyumba yangu ilinyamaza hadi nikaanza kusalimia redio. Nikaamua: baiskeli itengenezwe inienee, niende nimwombe shemeji aniruhusu kuja kwake kila Jumapili. Sina mtu mwingine wa kumwendea.

Saa mbili asubuhi nilivuka mpaka kuingia Rwanda, nikapanda hadi Kamembe kwa Mzee Hamisi, fundi wa baiskeli. Hana mita ya kupimia. Anakuwekea kiwiko kwenye ncha ya kiti, anatazama vidole vyako vinafika wapi kwenye usukani, kisha anaguna. Na hashiki spana kabla hajajua baiskeli inabeba nani.

"Papa, nyuma unabebaka nani?"

Kwenye benchi walikaa wateja wawili, masikio wazi. Nikaona haya. Mtu mzima mimi, mvi kichwani, niseme sina mtu?

"Bibi yangu," nikasema, kana kwamba mke wangu yu hai.

"Aa, muzuri! Tutaipanga ya bantu babili."

Laiti ningejing'ata ulimi! Aliinua usukani, akausogeza karibu nami, akaweka gia nyepesi ya milima, na mgongo ukashukuru. Lakini kiti changu alikisukuma mbele kumwachia bibi nafasi. Nyuma akafunga keria nzito yenye mto mwekundu, na chuma cha kukanyagia upande mmoja, kwa mwanamke anayekaa ubavu. Nilitazama tu.

Saa tano nilishika njia ya Nyakarenzo. Magoti yaligonga usukani kila nilipokanyaga, na keria tupu ilipiga kelele kwenye kila shimo. Wanaume walinipita wamebeba wake zao, wakiongea nao. Mimi niligeuka mara mbili kuutazama ule mto, mjinga mimi. Kwenye kona yenye mikaratusi nilishuka, nikalia. Halafu nikasukuma hadi juu.

Saa nane nilifika. Maman Odeta alikuwa uani akichagua maharage. Alinikimbilia, akaiona baiskeli, mikono ikamshuka.

"Shemeji, ulishaoa?"

"Hapana!"

"Huu muto ni wa nani? Na fasi ya miguu ya mwanamuke? Kaburi ya dada yangu haiyakauka, na haukutuambia?"

Nikamweleza yote, maneno yakigongana mdomoni. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Ulimudanganya fundi juu ya nini?"

"Juu ya aibu."

Akanipa ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Tulikula, ombi langu la Jumapili bado sijalitoa. Niliposimama kuondoka ndipo nikalitoa. Aliutazama ule mto.

"Kuja," akasema. "Lakini usikuje tena na ile kitu. Itaniumiza."

Saa kumi nilikuwa nimerudi Kamembe, njia yote mteremko. Benchi lilikuwa tupu.

"Mzee, nilikudanganya. Nyuma sina muntu."

Mzee Hamisi akaangua kicheko. "Njia ya muongo ni fupi, Papa, lakini yako ilikuwa na mulima! Na bibi?"

"Alikufa."

Sikuwahi kumwambia mgeni neno hilo. Kicheko kilimkatika. Akaomba dua kwa sauti ndogo, akachukua spana, akafungua keria, mto na kile chuma. Kiti akakirudisha mahali pake, akanipima upya, kiwiko na vidole, bila kuguna.

Nilivuka mpaka jua likiwa bado juu, mgongo umenyooka, magoti huru. Nimejifunza kwamba fundi akikuuliza unambeba nani, umwambie kweli, hata kama jibu ni hakuna. Jumapili nitakwenda kwa shemeji. Sasa baiskeli inanienea barabara, mimi peke yangu, na sikujua kwamba kitu kinachokuenea kinaweza kuuma hivi.