Paa la Mkahawa wa Shirika

Nyuma ya soko kongwe la mji wa Ibra, huku Uarabuni, upo mkahawa usio wa mtu mmoja. Ni wa nyumba ishirini, watu waliorudi kutoka Unguja, Kigoma na Bujumbura, kila nyumba na hisa yake. Aliyeupikia kahawa tangu ulipofunguliwa ni Humoud, babake Rahila. Miaka thalathini na mmoja. Mtu akiingia tu, Humoud anajua huyu wa tangawizi, yule wa kahawa chungu isiyotiwa kitu. Na hakuna dele la kahawa linalotoka jikoni asilionje mwenyewe, funda moja, ndipo liende kwa watu.

Mwaka huu mvua zilibomoa paa upande wa wacheza dhumna. Mhandisi akasema, lijengwe upya kabla ya Ramadhani au mlango ufungwe. Wenye hisa wakachanga. Rahila, mtoto pajani, akauza sambusa na mikate ya kumimina kila Ijumaa mpaka vidole vikamchubuka. Nusu ikapatikana, nusu ikagoma. Waliohamia Maskati wakaanza maneno: "Tuuze tugawane, khalas."

Rahila hakuogopea hisa. Alimwogopea baba. Tangu mama afariki, kitu pekee kilichomtoa kitandani alfajiri kilikuwa ule moto wa kahawa.

Tumaini likabaki kwa Nadhir, kaka wa mama kwa baba mmoja. Huyo kazaliwa hapohapo Ibra, Unguja anaisikia tu, na ni mkandarasi mwenye mafundi wake. Akikubali kulijenga paa, basi.

"Nenda kwake, lakini nenda kiarabu," Jamaldini, mwenye hisa mwenzao, alimwambia Humoud. "Ukimiminiwa kahawa, iweke chini, usinywe. Mwenye nyumba atakuuliza una haja gani. Mpaka akubali ndo unywe. Ukishakunywa, umemaliza haja yako."

"Wewe Jamaldini, unanifunza kahawa mimi?"

"Nakufunza kutokunywa, mzee. Hilo hulijui."

Wakacheka wote wawili.

Rahila ndiye aliyemwendesha. Majlis ya mjomba, chumba chake cha wageni, ilikuwa na baridi ya kiyoyozi, mtoto akapiga chafya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, binti. Ahlan, shemeji! Umepotea kabisa."

Wakaulizana hali, wakaulizana mvua. Kikombe kikaja. Humoud alikipokea kwa mkono wa kulia, na Rahila akamwomba moyoni: Weka chini, baba. Weka chini.

Mvuke ukampanda puani. Humoud akafumba macho kidogo, kama afanyavyo jikoni, akapiga funda.

Akafumbua macho. Kikombe kikabaki hewani. Rahila alimwona baba akiduwaa, mtu mzima kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

"Vipi kahawa yetu?" Nadhir aliuliza, roho yake kunjufu. Mgeni kanywa, basi kaja kusalimia tu.

"Nzuri," alisema Humoud. "Hiliki imezidi kidogo."

Nadhir akacheka mpaka akajipiga paja. Wakazungumza tende, wakazungumza harusi ya huko Nizwa. Humoud alitikisa kikombe, imetosha, akaaga.

Garini Rahila hakuwasha injini.

"Baba, turudi. Ni mjomba, si mtu baki. Mwambie tu."

"Nimwambie kwa uso gani? Nimeshakunywa kwake."

"Basi nimwambie mimi."

"Utamwambia babako kasahau kwa nini alikwenda? Washa gari, mwanangu. Mtoto ana njaa."

Akawasha.

Ijumaa wenye hisa walikutana chini ya turubai. Jamaldini hakungoja hata salamu ziishe.

"Haya, shemejiyo kasemaje?"

"Sikumwomba," alijibu Humoud.

"Hukumwomba!"

"Sikutaka."

Halafu mmoja wa wale wa Maskati akanong'ona, sauti ya kusikika: "Kiburi cha wauza kahawa." Jamaldini alimtazama Humoud, rafiki yake, akageuza uso.

Rahila alifungua mdomo. Baba akamtazama, mara moja tu, kwa macho aliyokuwa akimtazamia utotoni mbele za wageni. Akaufunga. Akamhamisha mtoto bega la pili, akasikiliza mkono mmoja baada ya mwingine ukiinuliwa kukubali kuuza. Wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Humoud.